Uzoefu wangu Chumbe: kama unaweza, lala kisiwani

Wageni wengi huenda Chumbe, kisiwa kidogo cha hifadhi karibu na Unguja, kwa safari ya mchana: asubuhi boti kutoka Mbweni, kuogelea, chakula, matembezi msituni, alasiri wanarudi Unguja. Ni safari nzuri. Lakini kama mfuko unaruhusu, lala huko angalau usiku mmoja. Sababu ya kwanza ni kaa wa nazi.

Huyu ndiye kaa mkubwa kuliko wote wanaoishi nchi kavu, anaweza kufika kilo 4. Mchana hujificha kwenye mapango ya mawe, kwa hiyo wa boti ya alasiri huondoka bila kumwona vizuri. Baada ya chakula cha usiku mlinzi wa hifadhi alitutangulia na tochi, akamulika chini ya mti. Kaa alikuwa ametulia, mgongo umeiva rangi ya buluu, gando la kushoto nene kuliko la kulia. Tuliambiwa tusimguse wala tusimzunguke, na taa ikazimwa mapema ili aendelee na shughuli zake. Sehemu nyingi duniani kaa hawa wameliwa mpaka wakaadimika. Hapa wanapita karibu na banda unalolala.

Sasa baharini. Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa matumbawe wa upande wa magharibi wa kisiwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na tangu hapo hauvuliwi. Tofauti unaiona ukishatumbukiza uso tu. Chewa wakubwa hawakimbii. Pono wanang'ata mwamba, na ukitulia unausikia mng'ato wenyewe masikioni, krak krak, kisha mmoja anaachia wingu la mchanga mweupe nyuma yake. Mchanga wa fukwe zetu nyingi unatokana na kazi hiyo ya pono, na mimi nilikuwa sijawahi kuishuhudia kwa macho. Samaki taa alikuwa amejifukia mchangani, macho tu juu. Kasa aina ya ng'amba alipita kwa mbali. Usimfuate, akitaka atakuja mwenyewe.

Kupiga mbizi kwa mitungi hakuruhusiwi kwa wageni. Unaelea juu kwa miwani na mrija, na asiyejua kuogelea huvaa jaketi la kuelea. Mimi naunga mkono kabisa, maana tumbawe moja likivunjwa kwa teke la mguu huchukua miaka mingi kurudi lilivyokuwa.

Kilichonigusa zaidi ni walinzi. Wengi wao walikuwa wavuvi, hawana silaha, na kazi yao kubwa ni kuongea na wavuvi wenzao wanaosogea mpakani. Mtu aliyekulia kwenye ngalawa anajua pweza anakaa tundu gani, na anakuonyesha kwa kidole pale ambapo wewe unaona jiwe tupu. Watoto wa shule za Zanzibar huletwa bure kujifunza, jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko sifa zote za watalii.

Mabanda ni 7 tu, na mapaa yake makubwa ya makuti hukinga maji ya mvua unayoogea. Vyoo havitumii maji, na havina harufu. Umeme ni wa jua. Anayetaka kiyoyozi atafute hoteli ya mjini. Panda pia mnara wa taa wa mwaka 1904. Ngazi ni nyingi, ila ukiwa juu unauona mwamba wote ulivyojipanga chini ya maji.

Bei ni kubwa kwa mtu wa kipato cha kawaida, kwa hiyo uliza kwanza bei ya mkaazi. Ratiba hufuata maji kupwa na kujaa, usikasirike ukiambiwa msubiri. Masika usipange safari, kisiwa huwa kimefungwa kwa wageni. Na mafuta ya kujikinga na jua yaache nyumbani, vaa fulana ya mikono mirefu majini. Matumbawe hayapendi dawa hizo.