Saa janja na kihisi cha pajani: kipi kinajua kwamba nimekaa?

Nilinunua saa janja katika duka moja katikati ya jiji la Mwanza kwa haja moja tu. Kazi yangu ya uhasibu hunikalisha mezani tangu asubuhi hadi jioni, na nilitaka kujua kwa uhakika ni muda gani kwa siku ninaoupitisha nikiwa nimekaa kitako. Baada ya kuivaa kwa miezi kadhaa, na baadaye kuilinganisha na kihisi kinachobandikwa pajani, nimeridhika kwamba kwa haja hiyo saa ya mkononi haitoshi.

Ndani ya saa hizi kuna akselerometa, yaani kifaa kidogo kinachopima mtikisiko na mwelekeo wa mkono, na mkono hauwezi kueleza kama mwenye mkono amekaa au amesimama. Ninapofua uani nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mikono ikisugua shuka ndani ya beseni, saa huniongezea hatua ambazo sikuzipiga. Lakini nikisimama kwenye foleni ya kivuko pale Kamanga, mkono umeshika mkoba na haujongei, saa hutetemeka kunihimiza ninyanyuke, wakati miguu imeshaanza kuuma kwa kusimama. Sababu ni kwamba ukumbusho wa aina hii mara nyingi hutazama kama umefikisha hatua kadhaa ndani ya saa moja, kwa mfano 250, wala hautazami mkao wako.

Na mkao ndio kiini cha jambo lenyewe. Watafiti huhesabu kuwa ni kukaa tu pale mtu aliye macho anapokuwa ameketi, amejiegemeza au amelala, huku mwili ukitumia nguvu isiyozidi mara 1.5 ya ile unayotumia ukiwa umepumzika. Saa hukisia hiyo nguvu, mkao haiujui.

Kihisi cha pajani nilikiazima kwa mpwa wangu anayesoma chuo kikuu. Kinaitwa activPAL, hutengenezwa Glasgow, ni chembamba, na hubandikwa kwa plasta mbele ya paja hata ukivaa suruali hakionekani. Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleweka: mtu akiketi paja hulala, akisimama paja nalo husimama, na kihisi husoma mwelekeo huo kwa kufuata mvutano wa dunia. Nilikuwa nikiandika daftarini kila nilipoketi na kila nilipoinuka, na tulipofungua kumbukumbu zake kwenye kompyuta, foleni ya Kamanga ilisomeka kuwa ni kusimama na kufua kukasomeka kuwa ni kukaa, kama ilivyokuwa.

Hata hivyo kuna mkao mmoja ambao kwetu ni wa kila siku na ambao kihisi hiki kinaweza kuupokea vibaya: kuchuchumaa. Mtu anayechuchumaa mbele ya jiko la mkaa akisonga ugali, paja lake limelala, kwa hiyo huhesabiwa kama ameketi, ingawa misuli ya miguu inambeba muda wote. Utafiti uliofanywa hapahapa Tanzania kwa Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa eneo la Ziwa Eyasi, uliochapishwa mwaka 2020, ulitumia vihisi vya pajani na kuonyesha kwamba watu wazima hupumzika takribani saa 10 kwa siku. Lakini watafiti walipopima misuli, waliona kwamba kuchuchumaa huishughulisha zaidi kuliko kukaa kwenye kiti. Naliona jambo hili kuwa zito, kwa sababu vipimo vingi vimezoea watu wa viti na meza.

Activpal haina kioo cha kusoma matokeo papo hapo na imekusudiwa zaidi watafiti, hivyo simshauri mtu wa kawaida aitafute. Saa yangu bado ninaivaa, mkono uleule wa kushoto, na ninalinganisha hatua za wiki hii na za wiki iliyopita. Muda wa kukaa ninauandika daftarini.