Niliomba Debian, fundi akaniwekea Kali

Laptopu niliipeleka kubadilishwa diski, nikaomba na mfumo endeshi wa Debian 12, aina ya Linux. Nikarudia mara mbili: Debian, maana tangu toleo hilo la 2023 firmwea za waifai (programu ndogo zinazoiwezesha kadi kufanya kazi) zinakuja humo humo, ule usumbufu wa zamani wa kuzitafuta kando haupo tena. Jioni naifuata, kioo kinawaka na joka la Kali, Linux ya wapima usalama wa mitandao!

Kumuuliza, fundi hata hakuniangalia. "Dada, si unasomea usalama wa mitandao? Hiyo ndiyo yenyewe. Debian ya makarani." Wenzake pale kaunta wakacheka. Hela yangu nimelipa yote, nilichoagiza sijapewa, na bado nachekwa.

Wiki kadhaa baadaye nasasisha mfumo, nawasha upya: kioo cheusi, kimstari kinapepesa pembeni, basi. Na kesho yake nakabidhi ripoti. Usiku ule nikafungua faili la /etc/apt/sources.list, linaloorodhesha mfumo unachukua programu wapi. Chini ya mstari wa kali-rolling, hifadhi ya Kali yenyewe, kumebandikwa mistari ya Ubuntu, Linux nyingine kabisa! Kwenye mashine ya mteja! Kali imejengwa juu ya Debian Testing, tawi la Debian ambalo bado linajaribiwa, na vifurushi vyake vinabadilika kila mara. Waundaji wake wameandika waziwazi kwamba kuongeza hifadhi za programu za nje ni njia ya haraka ya kuivuruga. Wameandika pia kwamba haimfai anayetafuta mfumo wa kazi za kawaida. Mtu anachukua pesa za watu kwa kazi hii, ukurasa huo hajausoma?

Kali yenyewe siilaumu, ingawa usiku ule niliapa sitaigusa tena. Sasa Debian iko kwenye diski, Kali naiendesha ndani ya VirtualBox, programu ya kuunda kompyuta pepe, na raha yake sijui niielezeje. Kabla ya jaribio nahifadhi hali yake. Ikiharibika nairudisha, chai haijapoa. Zana za kupima usalama, Nmap, Burp, zote zipo tayari. Kwa majaribio ya waifai tu ndipo nachomeka kadi ya USB, kwa kuwa humo ndani mtandao wa laptopu unaonekana kama wa waya.

Kwa hiyo mpango huo naupa nyota tano. Duka nilitaka kulipa nyota mbili, maana diski waliifunga vizuri na mpaka leo haijasumbua. Lakini nilipowarudia kudai hela ya usakinishaji, fundi yule yule akaniuliza, "Si inawaka?" Hizo mbili nazifuta.