Siku moja Kigoma na Ujiji kwa bajaji ya kukodi kutwa: uzoefu wangu

Kama una siku moja tu ya kuzunguka Kigoma usihangaike na tripu za vipande vipande, kodi bajaji moja asubuhi mpaka giza, anza na Ujiji, mjini malizia jioni, na Gombe, ile hifadhi ya sokwe, iache siku nyingine. Hivyo ndo tulivyofanya mimi na mama mkubwa, tumetoka Tabora na treni kwa ajili ya harusi ya ndugu yetu, harusi ikaisha tukabakiwa na siku moja kabla ya kurudi. Naandika hapa sababu nilipokua natafuta maelezo kabla ya safari nilikuta kila mtu anaongelea sokwe tu, Ujiji wanaipitia kwa mstari mmoja, na mji wenyewe kama haupo.

Nianze na huduma. Bajaji tuliipata kijiweni mtaa wa Mwanga hapo mjini jioni ya siku ya nyuma yake, kijana mstaarabu, akamsalimia mama mkubwa shikamoo kabla hata hajaniangalia mimi, alafu akauliza swali la maana sana, "Mama miguu inamsumbua? Maana kuna sehemu nitasogea mpaka mlangoni." Hapo hapo nikajua huyu ndo wetu. Tulipatana elfu hamsini mafuta yakiwa juu yake, kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi jua lizame, kusubiri hakuna malipo ya ziada. Bodaboda ingekua nafuu ukiwa peke yako ila ukiwa na mtu mzima bajaji ni lazima, vumbi lipo na sehemu zingine barabara za ndani zina mashimo.

Kabla ya hapo kuna wakala mmoja alishanipigia hesabu ya "pakeji ya siku moja", Gombe, Ujiji na kuogelea ufukweni, vyote siku hiyo hiyo. Nikamuuliza tutaenda Gombe na nini, akawa anazunguka zunguka. Jamani Gombe haina barabara, inafikiwa kwa maji tu, na boti za abiria za Kibirizi, ufukwe wa wavuvi hapo Kigoma, kwa kawaida zinatoka mchana na zinatumia masaa, kwahiyo kwa boti hiyo lazima ulale huko. Ukitaka kwenda na kurudi siku moja ni kukodi boti yako mwenyewe na hiyo ni hela nyingine kabisa. Sehemu ambayo Jane Goodall alifika mwaka 1960 akakaa miaka na miaka anawafatilia sokwe haistahili kwenda kuchunguliwa nusu saa ukarudi mbio. Ipe siku yake.

Jambo lingine ambalo watu wa Dar hawaambiwi ni jua. Kigoma iko magharibi mwisho kabisa wa nchi ila saa ni ile ile moja, kwahiyo jua linachelewa kuchomoza kama dakika arobaini ukilinganisha na Dar na jioni linazama inapokaribia saa moja usiku. Maana yake saa kumi na mbili asubuhi usijisumbue kutoka, bado giza giza, ila jioni una muda mrefu wa mwanga. Ratiba yetu nzima tuliipanga kwa kufuata hilo na ikakaa sawa.

Ujiji ni kilomita chache tu kusini ya mji, kwa bajaji unafika chap. Unaanza kuona miembe mikubwa na nyumba za zamani zenye baraza, wazee wamekaa nje na kanzu, Kiswahili kinachosikika mtaani kina lafudhi ya aina yake, maana huu mji ulikua kituo kikuu cha misafara, pembe za ndovu na watumwa kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika wanaletwa hapa, wanapelekwa Tabora, wanashushwa Bagamoyo, kama kilomita 1,200 kwa miguu. Mama mkubwa amekulia Tabora na miembe ya njia ile ile, akawa kimya muda mrefu, baadae akasema "Kumbe ndo ilikua inaanzia huku."

Makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi Mskoti, ndo kitu cha kwanza kufika, asubuhi hakuna watu na mwongozaji anakua na nguvu. Kiingilio kwa mtanzania ni kidogo kuliko cha mgeni, beba kitambulisho. Nje kuna mnara wa mawe wenye ramani ya Afrika, na miembe inayosemekana imetokana na ule mwembe ambao chini yake mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alimkuta Livingstone. Ndani wamewekwa wenyewe wawili, sanamu za ukubwa wa mtu, wanasalimiana na kofia zao. Watoto wa shule wanazipenda hizo sanamu ila mi kilichonibamba ni maelezo ya mwongozaji, yule baba anaijua kazi yake, nampa nyota tano bila kufikiria. Hakukariri tarehe tu. Alitueleza kwamba Livingstone aliporudi Ujiji Oktoba 1871 alikua mgonjwa na vitu vyake alivyotumiwa kutoka pwani vyote vilishauzwa, hana kitu, ndo Stanley anaingia na msafara wake. Na mtu wa kwanza kumkimbilia Stanley njiani alikua Susi, mtumishi wa Livingstone, yule yule Susi ambaye pamoja na Chuma na wenzao, Livingstone alipofariki Mei 1873 huko ambako leo ni Zambia, waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, ukazikwa London 1874. Mwongozaji alisimama kabisa hapo kwa Susi na Chuma, akasema bila hawa leo tusingekua na hadithi ya kusimulia. Nakubaliana nae asilimia mia, na kwa maoni yangu wangestahili sanamu pale karibu na hao wawili.

Alafu akatuambia kitu ambacho hata sisi wa Tabora hatukuwahi kukiunganisha. Baada ya kukutana hawa wawili walipanda mtumbwi wakaenda mpaka kaskazini ya ziwa kuutazama mto Rusizi, maana Ulaya walikua wanabishana kama maji ya Tanganyika yanatokea huko kwenda Nile. Wakakuta mto unaingia ziwani, hautoki. Kisha wakasafiri pamoja hadi Kwihara, hapo hapo kwetu Tabora, wakaagana Machi 1872, na Livingstone akabaki Kwihara mpaka Agosti akisubiri wapagazi. Mama mkubwa tembe la Kwihara, ile nyumba aliyokaa Livingstone, ameliona tangu akiwa binti, akaanza yeye sasa kumwelezea mwongozaji lilivyo, kuta zake, mlango wake, wakaongea kama watu wa ukoo mmoja. Mi nilikaa pembeni nasikiliza, kwangu hiyo ilikua sehemu tamu kuliko zote siku hiyo. Tenga masaa mawili hapa, usikubali kuharakishwa.

Kutoka makumbusho nenda ufukweni Ujiji, sasa hivi maji yako mbali kidogo na pale mnara ulipo. Kuna mafundi wa maboti wanafanya kazi wazi mchangani. Tulikuta boti kubwa la mbao lina mkuku (ule mti wa chini) na mataruma (mbavu zake) tu, jingine linapigwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa, fundi anachukua pamba, anaisokota vidoleni, anaichovya kwenye mawese, anaisukumiza katikati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, tak tak tak, anasogea kidogo, anarudia, urefu wote wa boti. Nikamuuliza fundi haivuji? Akanijibu "Mbao ikinywa maji inavimba, inajifunga yenyewe." Ukitaka kupiga picha omba kwanza, wengine hawapendi, na ukiacha hela ya soda si vibaya.

Mchana tukala Ujiji, ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, wa kukaanga, mboga ya majani imeungwa na mawese. Sahani imejaa, bei ya kawaida sana. Dereva akaenda kuswali adhuhuri wakati tunakula, akarudi. Kama siku yako ni Ijumaa panga makumbusho mapema zaidi maana mchana Ujiji inatulia kwa ajili ya swala.

Mjini mchana haikuchukua muda. Stesheni ya reli mmeiona kama mmekuja na treni, ila geuka uitazame vizuri ukiwa huna mizigo, jengo la Mjerumani, reli ilifika Tabora 1912 na hapa mwisho wa reli 1914. Ile nyumba nyingine ya Mjerumani, Ikulu, unaiona kwa nje tu, na dereva alituonya mapema simu tuziweke mkobani. Hapo hapo unashusha macho bandarini kuitafuta MV Liemba. Hii meli bana! Ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande, masanduku kama 5,000, ikaletwa ikaungwa upya hapa Kigoma ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipowaelemea Wajerumani Julai 1916 wakaizamisha wenyewe, injini wakazipaka grisi kwanza ili siku moja ije ifufuliwe, na kweli Waingereza wakaiibua 1924 na 1927 ikarudi kazini na jina la Liemba. Sisi tuliiona kwa mbali tu na ilitosha, bandarini huingii hivi hivi bila ruhusa.

Jioni yote tukaipeleka Kibirizi na ndo nakushauri hivyo hivyo. Dagaa zimeanikwa kila mahali, wavuvi wanaandaa taa zao za kuvulia usiku, boti zinaondoka. Mama mmoja muuzaji alinifundisha kuchagua, akanimwagia kiganjani za aina mbili, "Sugua dada, usikie." Za kuanikwa chini zinakwaruza, za kwenye kichanja laini kabisa, na bei inatofautiana kwa sababu hiyo. Nikachukua za kichanja. Angalia kalenda lakini, usiku wa mbalamwezi hawaendi kuvua dagaa kwahiyo pwani inapoa, na mwaka 2024 serikali ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, kwahiyo kama unakuja miezi hiyo uliza kwanza. Jua linazamia upande wa milima ya Kongo, mbele yako ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani kwa kina baada ya Baikal. Mama mkubwa alikaa kwenye kiti cha bajaji mlango wazi, hakutaka kuondoka.

Ambavyo sikuvipenda: makumbusho inaongelea wageni zaidi kuliko wenyeji, nilitamani nione zaidi habari za Wamanyema waliokuja na misafara na za wanawake wa Ujiji wenyewe, ukitaka hayo lazima uulize. Vyoo vya safi njiani ni vichache, tumia vya makumbusho. Na dereva simu yake ilikua inaita sana, wateja wake wa kila siku, ingawa hata mara moja hakutuacha kwenda kuwachukua.

Kwa ujumla bajaji nne na nusu kati ya tano, mwongozaji tano. Hesabu yetu watu wawili, usafiri, viingilio, chakula, maji na bakshishi za hapa na pale, haikufika laki moja, dagaa za kupeleka nyumbani nimeziweka pembeni. Ukienda kijiweni kutafuta dereva nenda jioni ya kuamkia siku yako, asubuhi wengi wanakua wameshachukuliwa na watu wa sokoni, na mkubaliane kabisa mwanzoni kwamba Kibirizi na kusubiri jua vimo ndani ya bei.