Bodi ya pili ya kamera kwa mpiga picha za harusi wa wikendi: tafuta pacha kwanza

Kama unapiga picha za harusi na una bodi moja tu, yaani kamera yenyewe bila lenzi, iweke kando kwanza ile lenzi unayoiota usiku. Nunua bodi ya pili. Na ukiniuliza ipi, jibu langu ni fupi: ile inayofanana zaidi na uliyonayo mkononi, hata kama ina miaka yake, hata kama kuna nyingine inayosifiwa zaidi msimu huu.

Nasema hivyo kwa sababu ya ibada moja ambayo sijaisahau. Pete zilikuwa zimeshatolewa kisandukuni, bwana harusi ameshika mkono wa mwenzake, nikabonyeza, na shata, lile pazia la ndani linaloingiza mwanga, ikakwama. Nikazima, nikawasha, nikatoa betri na kuirudisha. Kimya. Begini nilikuwa na bodi ya kuazima, ya kampuni nyingine, na lenzi yake. Picha ya pete niliipata, lakini kwa dakika kadhaa vidole vilikuwa vinapapasa: swichi ya kuwashia iko upande mwingine, gurudumu la ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) halipo pale nilipolizoea, zumu inazungushwa kinyume. Mshika mawili moja humponyoka, walisema wahenga. Kilichoniponyoka mimi ni machozi ya mama wa bibi harusi, ambayo yalitoka nikiwa nimeinamia menyu.

Anayepiga picha kila siku anaweza kuzoea kamera mbili tofauti. Sisi tunaoshika kamera Jumamosi baada ya siku tano za kazi nyingine, mazoea ya mikono yetu yanatosha kamera moja. Ndiyo maana nimepanga machaguo hapa chini kwa kufuata mfanano kwanza, ubora wa sensa (kile kipande kinachopokea picha) baadaye.

Mambo matatu ya kuangalia kabla ya jina

Bodi ya pili ina kazi mbili. Ya kwanza ni akiba, na akiba haiozi. Ya pili utaitumia katika kila harusi: inabeba lenzi ya pili. Milimita 35 kwenye bega moja, 85 kwenye jingine. Au 24-70 huku na 70-200 kule. Hubadilishi lenzi katikati ya viapo, na vumbi haliingii kwenye sensa. Kwa hiyo bodi hii haikai begini ikisubiri ajali. Itapiga karibu nusu ya harusi nzima, na inastahili kuchaguliwa hivyo.

La kwanza, mdomo wa lenzi, yaani pale lenzi inapochomekwa, uwe mmoja. Lenzi zako zote ziingie pande zote mbili.

La pili, betri iwe moja. Betri sita zinazoingia kwenye bodi yoyote ni bora kuliko nne za huku na nne za kule, kwa sababu katika shughuli ndefu ni bodi yenye 35 inayomaliza betri kwanza, na hutaki kukuta zilizobaki ni za upande usiofaa.

La tatu, sloti mbili za kadi. Hapa sina upole. Kadi hufa bila kuaga, na harusi hairudiwi. Sloti mbili zinamaanisha kila picha inaweza kuandikwa mara mbili papo hapo. Lakini soma aina ya sloti, usihesabu idadi tu. Canon 5D Mark III ina aina mbili za kadi, CF na SD, na ile ya SD ni ya polepole. Ukiandika kwenye zote mbili, kamera nzima inakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole. Sony A7 III ina SD mbili, ila moja tu ndiyo inayofaidi kadi za UHS-II, zile SD za kasi zaidi. Nikon Z6 II inataka XQD au CFexpress upande mmoja na SD upande mwingine, yaani unanunua aina mbili za kadi. Hakuna hata moja katika hizo ninayoikataa kwa sababu hiyo, ila weka gharama ya kadi kwenye hesabu mapema.

Nafasi ya kwanza: pacha iliyotumika

Nunua kamera ileile uliyonayo, kutoka kwa mtu aliyeitumia kwa heshima. Una A7 III? Tafuta A7 III nyingine. Vivyo hivyo kwa Nikon D750 na Z6 II, na kwa Canon 5D Mark IV na R6. Faida kubwa inaonekana ukirudi nyumbani: rangi za ngozi zinatoka sawa, kelele (chengachenga za picha za gizani) za ISO 6400 zinafanana, na marekebisho uliyofanya kwenye picha moja unayamimina kwenye mia mbili bila kuuliza imetoka bodi gani. Mwenye kazi nyingine ya kuamkia Jumatatu anajua thamani ya saa hizo.

Mpya mbili za mfano mmoja ni nzuri pia, bila shaka, lakini kwa harusi chache kwa mwaka naona fedha hizo zina kazi nyingine.

Watu huogopa kamera zilizotumika kwa sababu ya shata, basi tupige hesabu. Kampuni hutaja idadi ya mibofyo ambayo shata imejaribiwa kuivumilia: D750 ni 150,000, A7 III ni 200,000, R6 ni 300,000. Hiyo si ahadi. Kuna zinazokufa mapema na zinazopita mbali. Sasa chukua mtu mwenye harusi 20 kwa mwaka, mibofyo 2,000 kila moja. Ni 40,000 kwa mwaka, na ukigawa kwa bodi mbili kila moja inabeba 20,000. A7 III iliyokwisha kupiga 60,000 ina 140,000 mbele yake, yaani miaka saba ya wikendi zako. Kabla ya hapo utakuwa umeshatamani kamera nyingine.

Omba muuzaji akutumie picha iliyopigwa leo, faili lenyewe kama lilivyotoka kwenye kamera, bila kupitia programu za ujumbe zinazoibana. Kwa Nikon, idadi ya mibofyo imeandikwa ndani ya faili hilo. Kwa D750 uliza swali moja zaidi: mwaka 2015 Nikon ilitangaza kwamba baadhi ya bodi zina shata yenye kasoro na ikajitolea kuitengeneza bila malipo, kisha ikapanua orodha ya zilizohusika. Muulize kama yake imo na kama ilitengenezwa.

Ukiishika mkononi, piga anga au ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, uone madoa ya sensa. Jaza kadi zote mbili. Chomeka flashi uione ikiwaka, kwa sababu kile kiatu cha juu huchakaa na wengi husahau kukijaribu. Vuta mlango wa kadi na mlango wa betri; vikilegea, kamera hiyo imeishi maisha magumu. Mikwaruzo ya rangi hainisumbui kabisa.

Nafasi ya pili: nunua mpya, ya sasa ishuke iwe ya pili

Hii ndiyo njia ya wengi wanaohama kutoka DSLR, zile kamera zenye kioo ndani, kwenda kamera zisizo na kioo. Ina mantiki, na ina mitego.

Kwa Canon uhamaji ni laini. Kutoka mdomo wa lenzi hadi kwenye sensa ni milimita 44 kwa EF (mdomo wa DSLR zao) na 20 kwa RF (mdomo wa kamera zao mpya), kwa hiyo adapta inajaza nafasi iliyobaki tu. Haina kioo cha lenzi ndani, na lenzi zako za EF zinafanya fokasi kama kawaida. Betri za familia ya LP-E6 zinaingia kwenye 5D Mark IV na kwenye R6. Kwa Nikon, adapta ya FTZ, inayoingiza lenzi za DSLR kwenye bodi za Z, inafanya kazi nzuri na lenzi zenye mota yake ndani, lakini zile za zamani za AF-D, zinazozungushwa na mota ya bodi, zinabaki bila fokasi ya kujiendesha. Kama 85 yako ni AF-D, jua hilo kabla hujalipa.

Mtego mkubwa ni huu: mlango unafunguka upande mmoja. Lenzi ya EF inaingia kwenye R6 kwa adapta, ila lenzi ya RF haiwezi kuingia kwenye 5D. Ukianza kununua lenzi mpya za RF, bodi yako ya pili inageuka yatima. Kwa hiyo ukifuata njia hii, kaa na lenzi za zamani mpaka utakapokuwa na bodi mbili za mfumo mpya.

Na usidhani vizazi viwili vya jina moja ni pacha. Kwenye R6 swichi ya kuwashia iko kushoto. Kwenye R6 Mark II, ya mwaka 2022, imehamia kulia, na kushoto pamewekwa swichi ya picha na video. Aliyezoea ya kwanza ataisukuma ile ya kushoto akidhani anawasha, na atakuwa ameingia kwenye video huku bibi harusi anakaribia mlangoni. Kwa Sony, A7 III na A7 IV zinashirikiana betri ya NP-FZ100, lakini moja ni megapikseli 24 na nyingine 33, rangi zimebadilika, na menyu zimepangwa upya. Zinaishi pamoja vizuri, mradi uzifanyie mazoezi nyumbani.

Nafasi ya tatu: ndugu mdogo wa mfumo uleule

Hapa kuna kamera moja ninayoipenda waziwazi: Nikon Z5 ya mwaka 2020. Ni bodi ya ngazi ya kuanzia, lakini Nikon hawakuinyima vitu vya kazi. Sloti mbili za SD, zote UHS-II. Kidhibiti cha mtikisiko ndani. Betri ileile ya Z6 II. Ilichonyimwa ni kasi, fremu 4.5 kwa sekunde, na kwa harusi hilo silioni kama pengo. Anayepiga kwa Z6 II asihangaike kutafuta zaidi.

Wengine katika kundi hili wamekatwa pale panapouma. Canon R8 ina megapikseli 24.2 kama R6 Mark II, na picha zake ni nzuri sana, lakini ina sloti moja, betri ndogo ya LP-E17 na haina kidhibiti cha mtikisiko ndani ya bodi. Canon RP vivyo hivyo, tena ni ya zamani zaidi. Sony A7C ina betri kubwa ya NP-FZ100 lakini sloti ni moja. Hizi nazikubali kwa kazi ya akiba tu: zikae begini, zitoke mambo yakiharibika, na zisikabidhiwe viapo.

Nafasi ya nne: sensa ndogo, mdomo uleule

Kwa APS-C, ndiyo sensa ndogo ninayoisema, lenzi ya 85 inaona kama 127 hivi, na kwa Canon kama 136. Kwa viapo vinavyopigwa kutoka nyuma ya ukumbi hiyo ni faida. Gharama yake inakuja usiku, kwenye mwanga hafifu, ambapo sensa ndogo inakuwa nyuma kwa kama stopu moja, yaani kama vile mwanga umepungua nusu. Canon R7 ndiyo inayoshawishi zaidi: sloti mbili, betri ya familia ya LP-E6. Lakini shata yake ya kielektroniki husoma sensa polepole, na vitu vinavyokwenda haraka vinapinda. Tumia ya kimakanika.

Watumiaji wa Fujifilm wasijihesabu hapa. Kwao APS-C ndiyo nyumbani na kanuni ya pacha inawahusu kama wengine. Waangalie betri tu: X-T3 inatumia NP-W126S, X-T4 inatumia NP-W235, na haziingiliani.

Nafasi ya mwisho: mfumo mwingine kabisa

Lenzi mbili za kila kitu, flashi mbili, betri mbili, rangi mbili. Nimeshaeleza yaliyonikuta. Kama fedha za pacha bado hazijatimia, kodi bodi inayofanana na yako kwa kila harusi na uendelee kudunduliza.

Siku utakayoileta nyumbani

Weka vitufe vyote sawa kwenye bodi zote mbili, na ubadilishe herufi za mwanzo za majina ya faili ili za bodi moja zisigongane na za nyingine. Rangi ya mwanga ipange kwa Kelvini, namba ileile pande zote, maana ukiiacha kwenye otomatiki kila bodi itaamua yake. Jaribu shata ya kimya (ya kielektroniki) chini ya taa za LED. Ukiona mistari kwenye picha, rudi kwenye ya kimakanika au punguza kasi.

Kisha saa. Bodi mbili zikipishana dakika mbili, ukipanga picha kwa muda busu litatangulia viapo, na utashinda usiku ukizipanga upya moja moja. Saa za kamera hujivuta kila moja kwa mwendo wake, kwa hiyo kuzilinganisha siku ya kununua hakutoshi. Mimi kila asubuhi ya harusi naweka simu mezani ikionyesha saa hadi sekunde, naipiga picha kwa bodi ya kwanza, naipiga kwa ya pili, ndipo nafunga begi.