Pikipiki ya sura ya kizamani au ya kisasa? Kwanza inama uangalie rimu

Walionunua pikipiki za sura ya kizamani wana lalamiko moja linalojirudia, na halihusu injini wala mafuta. Ni msumari. Mtu kavutiwa na taa ya duara, tanki la umbo la tone, kroma na siti iliyolala bapa. Kalipa, kaondoka na furaha yake. Baada ya wiki chache tairi la nyuma linakanyaga msumari, upepo unaisha mara moja, na hapo ndipo anapojua kwamba ndani ya tairi mna tyubu. Mwenzake mwenye pikipiki ya kisasa angeliziba tundu lile kwa dakika kumi bila kulegeza nati hata moja.

Ubishi wa sura wenyewe hauna mwisho. Wapenzi wa kizamani wanasema za kisasa zina uso wa mdudu, plastiki nyingi, na mkia uliokatwa mapema hata tope linamrukia abiria mgongoni. Wapenzi wa kisasa wanajibu kwamba za kizamani ni mavazi ya babu yaliyovishwa injini mpya. Kila upande una hoja yake, na jicho la mtu halibishiwi. Ila gurudumu linabishiwa. Nguvu za injini, ulaji wa mafuta na kasi ya mwisho vimo kwenye kila karatasi ya muuzaji, kwa hiyo sitavigusa sana. Nitazipanga pikipiki hizi kwa jambo ambalo karatasi nyingi hulinyamazia: je, sura ya kizamani imekuja na tyubu, au imekuja bila tyubu?

Spoku za waya hupita kwenye matundu yaliyotobolewa katikati ya rimu, kila tundu na nipo yake, nati ndogo ya kukazia spoku. Rimu ya spoku 36 ina matundu 36, bila kuhesabu la valvu. Upepo haukai humo mpaka uwe ndani ya tyubu. Tyubu nayo ni mpira mwembamba uliovutika: msumari ukiingia, tundu linachanika zaidi kila gurudumu linapozunguka, upepo unatokea kwenye matundu ya spoku, na tairi linalala. Likiwa la mbele nawe uko kwenye kona, usukani unakuwa mzito na kuanza kuyumba kabla hujaelewa kilichotokea. Tairi la tyubulesi, yaani lisilo na tyubu, mpira wake ni mnene na unaung'ang'ania msumari. Upepo unavuja pole pole, mara nyingi unafika nyumbani ndipo unaona limepungua. Rimu yake pia ina kituta pembeni kinachoushika ukingo wa tairi usiteleze kuingia katikati upepo unapopungua.

Spoku zina haki yao, nalo niliseme. Kwenye mawe na mashimo makubwa rimu ya aloi, ile ya kumiminwa isiyo na spoku za waya, hupinda au kupasuka, na ufa wa rimu ya aloi si wa kuchezea. Gurudumu la spoku hunyumbulika, na fundi anayejua kazi hulinyoosha kwa kukaza na kulegeza nipo, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ukiishi kwenye njia za namna hiyo, tafuta spoku za tyubulesi. Zipo: BMW iliziweka kwenye R100GS mwishoni mwa miaka ya 1980, spoku zikishikwa kwenye kingo za nje za rimu badala ya kutoboa katikati. Triumph Scrambler 1200 nayo ina spoku za tyubulesi. Ufumbuzi una zaidi ya miaka 30, na bado pikipiki mpya kabisa zinatoka kiwandani na tyubu ndani kwa ajili ya kupendeza tu.

Nafasi ya kwanza naipa Kawasaki Z900RS, na sifichi kwamba Kawasaki naipendelea. Sura yake imetoka kwa Z1 ya mwaka 1972: tanki la tone, saa mbili za duara, mkia uliopinda juu kidogo kama wa bata. Injini ni ya silinda nne, cc 948, ya ukoo mmoja na Z900 ya kisasa. Kilichoipandisha juu ya nyingine zote ni rimu. Ni za aloi, za tyubulesi, ila mikono yake ya katikati imechongwa myembamba kiasi kwamba ukiiona kwa mbali unaapa ni spoku za waya. Wabunifu wa Kawasaki walielewa kwamba mnunuzi anataka kuona spoku na hataki kubeba tyubu. Tena tairi zake ni 120/70 mbele na 180/55 nyuma, zote za inchi 17, vipimo ambavyo karibu kila kiwanda cha tairi hutengeneza. Hutazunguka ukitafuta tairi.

Ya pili ni Triumph Speed Twin 900, iliyokuwa ikiitwa Street Twin. Hapa kuna funzo kwa anayedhani sura na rimu haviachani. Iweke kando ya Bonneville T100: kampuni moja, injini moja ya cc 900 yenye silinda mbili, vipimo vilevile vya tairi, inchi 18 mbele na 17 nyuma. T100 ina spoku na tyubu, Speed Twin ina aloi bila tyubu. Atakayeniambia T100 ni nzuri zaidi kutazama sitambishia. Ila mwenye Speed Twin hutembea na pakiti ndogo ya kuzibia inayoingia chini ya siti, na mwenye T100 hutembea na karakana. Anayetaka ndogo zaidi kutoka kwa Triumph aiangalie Speed 400, cc 398, aloi za inchi 17.

Honda GB350 ya tatu. Silinda moja ya cc 348 inayopoozwa kwa hewa, pistoni yenye mwendo mrefu (kipenyo milimita 70, mwendo 90.5), mlio wa taratibu, taa ya duara, madigadi ya kweli. Rimu ni za aloi, 19 mbele na 18 nyuma, tyubulesi. Haina haraka, na hakuna anayeinunua kwa haraka. Kwa matumizi ya kila siku ndiyo pikipiki ya sura ya kizamani yenye usumbufu mdogo kuliko zote za ukubwa wake, na wanaoiona haina mvuto waiangalie tena wakiwa kando ya barabara na tyubu mkononi.

Yamaha XSR700 ni ya nne. Injini ni ileile ya MT-07, pikipiki ya kisasa ya Yamaha, cc 689, na magurudumu yote ni aloi za inchi 17, kwa hiyo kwenye mtihani wa msumari haina kosa. Tatizo ni kwamba mpenzi wa kweli wa kizamani hatosheki nayo, maana chini ya taa ya duara unauona mwili wa MT-07. Mwenye kupenda pande zote mbili ndiye anayefaidi.

Royal Enfield ndiyo inayohitaji macho zaidi, kwa sababu jina moja linaweza kubeba magurudumu mawili tofauti. Classic 350 ya rangi nyingi huja na spoku na tyubu. Zile za kundi la Dark huja na aloi na tyubulesi. Interceptor 650 ilianza na spoku tu, tyubu ndani, inchi 18 mbele na nyuma; kuanzia 2023 baadhi ya rangi zikaja na aloi. Hunter 350 nayo ina toleo la spoku na toleo la aloi. Meteor 350 nyingi ni aloi, ila toleo la Aurora lina spoku. Ukichagua rangi hapa unachagua gurudumu, na muuzaji asipokwambia atakuachia ujigundulie mwenyewe. Zenye aloi naziweka nafasi ya tano kwa moyo mweupe.

Chini kabisa ziko nzuri kuliko zote: T100 na T120 za Triumph, na Kawasaki W800 yenye injini ya cc 773 na mhimili wa gia unaopanda pembeni kwenda kuizungusha kamshafti inayofungua valvu za injini, kazi ya chuma ambayo mtu anaweza kukaa akaitazama tu. W800 nayo ina tyubu, na kupenda kwangu Kawasaki hakuliondoi hilo. Anayezitaka azinunue akijua anachobeba: tyubu ya akiba, vyuma vitatu vya kubandulia tairi vyenye urefu wa sentimita 20 hadi 25, spana ya nati ya ekseli kwa kipimo chake halisi, viraka, gundi, msasa, pampu na maji ya sabuni. Kama nafasi ni tyubu moja tu, beba ya mbele. Ya inchi 19 inaweza kuingizwa kwenye tairi la 18 kukufikisha kwa fundi; kubwa kwenye dogo hujikunja, ndogo kwenye kubwa huvutika ikapasuka.

Kazi yenyewe iko hivi. Simamisha kwenye stendi ya kati. Kama haina, gurudumu la nyuma utalinyanyuaje? Uliza hilo dukani. Legeza ekseli, hesabu mizunguko unapolegeza virekebishi vya mnyororo ili uvirudishe sawa, sukuma gurudumu mbele, toa mnyororo, vuta ekseli, na ushike busha zisianguke bila kujua ipi ilikuwa upande upi. Usikanyage breki gurudumu likiwa nje, pistoni za kaliperi zitasogea na diski haitarudi. Kanyaga ukingo wa tairi kwa kisigino mpaka uachie, kisha bandua kidogo kidogo, vipande vya sentimita tano, huku upande wa pili umeuzamisha katikati ya rimu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi kutafuta msumari, maana wengi wameweka tyubu mpya juu ya msumari uleule. Piga msasa tyubu pale penye tundu, paka gundi, subiri ikauke isinate kidoleni, ndipo ubandike. Tyubu irudi ikiwa na upepo kidogo isijikunje. Kurudisha ukingo anza mbali na valvu, malizia kwenye valvu. Chuma kikishika tyubu umetoboa tundu la pili, na hilo ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi.

Linganisha na tyubulesi: chomoa msumari, pitisha kikwaruzo, sukuma kamba ya gundi, kata, jaza upepo. Hufaa tundu la kwenye uso wa tairi tu, lisilozidi kama milimita sita. Ubavuni usizibe kamwe. Endesha taratibu hadi tairi likaguliwe kwa ndani.

Kuna wanaofunga matundu ya spoku kwa utepe au silikoni wapate tyubulesi ya nyumbani. Kwenye rimu yenye alama ya MT, yenye kile kituta, inaweza kukaa. Kwenye rimu yenye alama ya WM isifanywe, ukingo hauna cha kuushika. Hata kwenye MT, siku utakapotaka kukaza spoku unabomoa kizibo. Na spoku hulegea: gonga kila moja kwa spana ndogo, yenye sauti butu kati ya wenzake imelegea. Dawa ya majimaji ya kuzibia nayo hutiwa kwenye tyubu kwa matumaini makubwa, lakini tyubu ikishachanika hakuna majimaji ya kuiziba.

Pikipiki za bei ya chini zenye sura ya kuigiza nazisema kwa ufupi: nyingi zina tyubu, na rimu ya aloi si hakikisho. Tafuta neno TUBELESS kwenye rimu yenyewe. Tairi likiandikwa hivyo peke yake halitoshi, kwa kuwa linaweza kuvikwa juu ya tyubu.

Wauzaji ndio wanaoniudhi. Utasoma karatasi nzima yenye kipimo cha kioo cha pembeni, na hapo kwenye tairi wameandika namba tu. Picha ya tangazo ina aloi, pikipiki inayoletwa ina spoku, na jibu ni kwamba "hiyo ndiyo ya asili." Spoku za tyubulesi zikiwepo, zinauzwa kama pambo la kuongezewa pesa, kana kwamba kutoanguka ni anasa. Ukiuliza pancha inazibwaje unaambiwa spoku ni imara zaidi. Hukuuliza uimara. Mwambie muuzaji aandike kwenye hati ya mauzo, tyubu au tyubulesi, mbele na nyuma. Asiyejua atalazimika kuinama aangalie.

Na kama tayari unayo yenye tyubu, kaangalie valvu leo. Ikiwa imelala upande, tyubu inateleza ndani kwa sababu upepo ni mdogo, na siku moja itachanika shingoni. Nati ndogo ya valvu isikazwe kwenye rimu. Ipandishe juu hadi iguse kifuniko, ili tyubu ikiteleza uione mapema.