MacBook Air ya M1 mikononi mwa mtu wa Windows

Niseme mapema, mi ni mtu wa Windows tangu kompyuta ya kwanza kuigusa, kwa hiyo watu wa Mac mkiona nakosoa mnivumilie, na nyie wa Windows mkiona nasifia msianze kuniita msaliti. Nazungumzia MacBook Air ya M1, laptopu ya Apple yenye chipu ya M1, ile iliyotoka Novemba 2020. Naifanyia kazi muda sasa na kila mtu akiniona nayo anauliza "vipi, tuhamie?" basi naandika hapa mara moja yaishe.

Cha kwanza ni ukimya. Haina feni, na simaanishi feni ya taratibu, namaanisha ndani hamna feni kabisa. Fungua tabo za brauza utakavyo, ingia kwenye kikao cha video huku muziki unacheza, kimya tu. Sisi tuliozoea laptopu inayounguruma kama ndege inayotaka kuruka ukifungua tu faili kubwa la Excel, siku za mwanzo unashika chini uone kama imewaka kweli. Ukiibana muda mrefu, mfano unaediti video ndefu alafu unaitoa, inajipunguza kasi yenyewe isipate moto sana, hapo ndo MacBook Pro yenye feni inaiacha. Kwa kuandika, mahesabu, picha na mambo ya intaneti hufiki huko.

Betri nayo aisee. Apple wenyewe wanaitaja saa 15 za kuperuzi na 18 za video, mi na mwanga wangu wa skrini ninaoupandisha juu siifikishi huko, ila natoka bila chaja na siwazi, na hilo kwa laptopu zangu za nyuma lilikuwa halipo.

Sasa hapa ndo watu wanabishana bila kuelewa. Kuanzia 2006 mpaka hii M1 inatoka, Mac zilikuwa zinatumia prosesa za Intel, zile zile za PC, mpaka ukitaka unaweka Windows humo humo kwa Boot Camp, programu ya Apple yenyewe, na inawaka kama kawaida. Kwa hiyo miaka yote hiyo ugomvi ulikuwa wa mfumo, bodi na jina. M1 ndo ilileta tofauti ya ndani, chipu wameibuni wenyewe kwa msingi wa ARM kama za kwenye simu, na prosesa, grafiki na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) vimekaa pamoja kwenye kifurushi kimoja. Wepesi na betri vinatoka hapo hapo.

Na tatizo lake pia linatoka hapo hapo. RAM huongezi. Diski hubadilishi. Ya chini kabisa inakuja na GB 8 na nafasi ya GB 256, na ukishanunua hiyo umenunua hiyo, hata umpelekee fundi gani atakuangalia tu. Mtu wa PC hajazoea hivi, sisi tunanunua mashine ya kawaida, mwakani tunaongeza RAM, mwaka mwingine tunachomeka SSD kubwa, mashine inazeeka huku inapandishwa cheo. Kwenye Mac maamuzi yote unayafanya siku ya kununua, tena kabla hujajua kazi zako zitakua kiasi gani. Kwangu hii ndo tofauti pekee ya kubishania, mengine yote vidole vinazoea. (Najua PC nyembamba nyingi siku hizi nazo RAM imechomelewa, ndo maana nawaambia angalieni kabla, msidhani kila PC inafunguka.)

Na vidole vitateseka kidogo. Unachagua faili, unapiga Enter lifunguke, lenyewe linataka ulibadilishe jina. Unataka kukata faili ulihamishie folda nyingine kwa Command na X, hakuna kitu, inabidi ukopi alafu wakati wa kupesti ubonyeze Command, Option na V pamoja. Unabonyeza kile kialama chekundu ukidhani umefunga programu, kumbe mara nyingi umefunga dirisha tu, programu ipo inaendelea kula RAM yako ile ile ya GB 8. Hadidiski ya nje iliyofomatiwa NTFS, ule mpangilio wa Windows, itaisoma vizuri, ila ukitaka kuandika humo inagoma mpaka uweke programu ya ziada au uifomati exFAT, mpangilio unaokubali kote kote. Matundu ni mawili tu ya USB-C, yote upande mmoja, kwa hiyo adapta ni lazima, na skrini ya nje ni moja bila ujanja ujanja. Kamera ya 720p, tuiache.

Magemu ndo usahau, mengi yanatengenezwa kwa Windows. Boot Camp kwenye M1 haipo tena, Windows utakayoweka ni ya ARM kupitia Parallels, programu ya kuendesha Windows ndani ya Mac, na kama kazini mna programu ya zamani ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows tu, ijaribu kwanza kabla hujatoa hela.

Kinachonichekesha ni mashabiki. Excel yenyewe ambayo watu wa PC tunaringia ilianzia kwenye Mac 1985, Windows ikaipata 1987. Mwaka 1997 Microsoft waliweka dola milioni 150 Apple ilipokuwa hoi, na Bill Gates alipotokea kwenye skrini ukumbini mashabiki wa Mac wakamzomea, yani mtu analeta hela mnamzomea. Alafu Justin Long, yule aliyeigiza kama Mac kwenye matangazo ya kuicheka PC kuanzia 2006, mwaka 2021 akaonekana kwenye matangazo ya Intel akisifia PC. Wenye biashara wanapatana, nyie huku mnatukanana.

Wala upande wetu sio wasafi. Windows 11 ilikuja na masharti ya TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa za karibuni, Windows 10 ikafikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025, na kompyuta nyingi tu, nzima kabisa, zikaambiwa hazifai, wakati M1 ya 2020 inapokea mfumo mpya wa macOS Tahoe. Ila mwenye PC hiyo bado ana pa kukimbilia, anaweka Linux, mfumo mwingine wa bure, maisha yanaendelea.

Nyota 4 kati ya 5. Hiyo moja iliyobaki ni ya RAM. Kama unaandika, unasoma, unafanya picha na miziki, chukua na ikiwezekana ya GB 16. Kama unacheza magemu au unapenda kufungua fungua mashine, baki ulipo.

Na kama unachukua iliyotumika, usitoe hela mpaka mwenye nayo atoke kwenye akaunti yake ya iCloud mbele yako na aifute iwake kama mpya, maana ikibaki na akaunti ya mtu itakufungia nje hata ukiiflashi. Kabla haijafutwa ingia kwenye taarifa za mfumo, sehemu ya pawa, uone betri imezungushwa mara ngapi. Kikomo walichoweka Apple ni mizunguko 1000, ukikuta iko 900 shusha bei au ondoka.