Ukarabati wa ukuta wa mbao: silikoni imeniharibia kazi nzuri

Nilikuwa tayari kuwapa nyota nne mafundi walioukarabati ukuta wa nyumba yangu. Ukuta wenyewe ni wa mbao za saiprasi, unapigwa na mvua na ukungu wa Limuru, na useremala walioufanya ulikuwa safi. Kisha mvua kubwa zikanyesha, rangi ikaota malengelenge kuanzia dirishani hadi pembeni. Nikampigia fundi mkuu. Jibu lake: "Mzee, mbao ni mbao, lazima inywe maji." Akakata simu.

Si kweli! Mbao hizi zimefungiwa maji, na ni yeye aliyeyafungia.

Ukuta huu ni wa mbao za inchi 6 kwa 1, kila ubao ukiulalia ule wa chini yake kwa kama inchi moja. Upenyo mwembamba ulio chini ya kila ubao ndio njia ya maji kutokea. Mvua ya upepo haikosi pa kupenya: tundu la msumari, maungio, ufa. Ikishaingia, hushuka kwa nyuma na kutokea hapo kwenye mlalio, yaani pale ubao unapoulalia mwenzake. Hawa walipita na bunduki ya silikoni, ile gundi laini ya kuzibia nyufa, wakaziba upenyo huo safu kwa safu, ukuta mzima. Jua likipiga, unyevu uliokwama nyuma unatafuta pa kutokea, unapita ndani ya mbao na kuisukuma rangi. Nilipasua lengelenge moja kwa kisu, maji yakatoka, na chini yake ilikuwa mbao tupu. Praima (rangi ya msingi inayopakwa kwanza) na rangi vilibanduka pamoja. Hiyo ndiyo alama ya unyevu unaotoka nyuma. Kama kosa lingekuwa la rangi ya juu, praima ingebaki imeshika.

Tena silikoni ya kawaida haikubali rangi. Kila mlalio sasa una mstari unaong'aa ambao brashi haiwezi kuufunika.

Haki yao niwape. Walijaribu kila ubao kwa bisibisi, na pale ilipozama kirahisi, kwa kuwa mbao imeoza, walikata. Hawakung'oa misumari kwa nguvu: walipachika kabari mbili chini ya ubao wa juu, wakapitisha wembe wa msumeno wa chuma na kuikata misumari kwa nyuma, hivyo ubao jirani haukupasuka. Walikatia katikati ya nguzo za ndani zinazobeba mbao ili ncha zote mbili zipate pa kupigiliwa, na maungio ya safu mbili zinazofuatana hayakukutana kwenye nguzo moja. Walitumia misumari iliyopakwa zinki, mmoja kwa kila nguzo, juu kidogo tu ya mlalio ili usiutoboe ubao wa chini. Ubao huvimba na kusinyaa. Ukiubana juu na chini, hupasuka katikati. Mafundi wengi hawalijui hilo. Hawa wanalijua, na ndiyo maana nina hasira zaidi.

Kwa sababu nilipoufungua ubao mmoja mpya, nyuma haukuwa na tone la praima. Ncha vilevile. Nani asiyejua kwamba ncha iliyokatwa hunywa maji haraka kuliko uso wa ubao? Ni dakika mbili za brashi kabla ya kupigilia. Na upande wa mashariki walipaka juu ya mbao za kijivu bila kuzisugua. Kijivu kile ni nyuzi zilizolegezwa na jua. Rangi hushika nyuzi hizo na kubanduka nazo. Msasa namba 60, kisha 80, mpaka mbao itoe rangi ya asali, ndipo praima ya mafuta ipakwe upesi kabla jua halijaichoma tena.

Aliyefanyiwa kazi kama hii asikubali kupakiwa rangi upya juu ya uharibifu. Silikoni ikatwe kwa wembe na ikwanguliwe yote. Vijikabari vyembamba viwekwe kwenye milalio kila futi 2, hewa ipite. Mbao ziachwe hadi kipimo cha unyevu kisome chini ya asilimia 15. Zikikaa juu ya 20, ukungu wa kuozesha huweza kuanza kula. Kuziba kubaki kwenye maungio ya wima tu, pale ubao unapokutana na fremu ya dirisha au nguzo ya pembe, na kwa gundi ya akriliki inayopakika rangi. Bati lililo juu ya dirisha lisizibwe ukingo wake wa chini, maji yatoke.

Nilikuwa nimeandika nyota mbili, kwa heshima ya useremala. Nikiikumbuka ile simu, naweka moja. Wakija kuikata silikoni hiyo wenyewe, kwa gharama yao, nitairudisha ya pili, labda hata ya tatu.